BARAKOA YETU: MFANO TULIUTOA SANDUKUNI



Kurasa nyingine za kitabu hiki zinaeleza mambo ya hesabu: nani walianzisha chama, tulianza na mchango wa shilingi ngapi kwa wiki, mikopo ilikwendaje na nani alilipa faini za kuchelewa mkutanoni. Mimi nimepewa kazi nyingine. Kamati imeniomba niandike historia ya barakoa yetu ya leso, kwa sababu mpaka leo mtu akikutana nasi Marikiti hapa Mombasa huuliza, "Nyinyi si wale kina mama wa barakoa?" Na akishauliza hilo huuliza la pili: "Ule mfano mliutoa wapi?"

Wengine hudhani tuliutoa kwenye simu. Wengine wanasema tulifundishwa na shirika. Haikuwa hivyo. Mfano tuliutoa sandukuni, na kabla ya kuutoa tuligombana. Nitaeleza yote, hata yale ya kutia aibu kidogo, maana historia iliyofichwa haimfundishi mtu.

BARAKOA ZA ZAMANI

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Vijana wetu walilisikia sana mwaka 2020 wakadhani ni jina jipya la maski za hospitali. Sivyo. Barakoa ni neno la kale hapa pwani, lenye asili ya Kiarabu, na lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake. Barakoa hiyo ilifunika paji la uso na pua, ikaacha matundu mawili ya macho. Mbele, juu ya pua, palikuwa na kijiti au ukingo mgumu ulioinua kitambaa kisigande usoni. Nyuma ilifungwa kwa kamba. Kule Oman na nchi za Ghuba vazi hili halijapotea; wako kina mama wazee wanaolivaa bado. Kitambaa chake hutiwa nili, kisha husuguliwa mpaka king'ae kama shaba. Nili ile hutoa rangi, ikampaka mvaaji usoni. Tafadhali msomaji likumbuke jambo hili la rangi, tutalirudia.

Barakoa ilifika kwetu pamoja na utawala wa Waomani. Waliiteka Ngome ya Mombasa kutoka kwa Wareno mwaka 1698, na mwaka 1837 Sayyid Said akauchukua mji kutoka kwa akina Mazrui. Binti yake mmoja, Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alihama mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake, na ndani yake ameeleza mavazi ya wanawake wa jumba la kifalme, barakoa ikiwemo. Zile za mabibi wakubwa zilikuwa na mapambo ya kutajirisha macho.

Lakini barakoa haikuwa ya kila mtu, na hapa ndipo utamu wa hadithi unapoingia uchungu. Ilikuwa alama. Ukiiona ulijua huyu ni bibi wa nyumba kubwa. Mwanamke mtumwa hakuwa na ruhusa ya kujifunika kama bibi yake. Na katika miji kama Lamu na Mombasa palikuwa na kitu kikiitwa shiraa, kitambaa kikubwa kama tanga la jahazi. Bibi alitembea ndani yake asionekane, na vijakazi ndio walioishika kwa nje wakienda naye.

Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo mambo ya mavazi yakabadilika upesi. Shiraa ikakosa wa kuibeba. Buibui likaenea, na uzuri wa buibui ni kwamba kila mwanamke aliweza kulivaa, awe wa ukoo gani. Barakoa polepole ikaingia sandukuni.

LESO NA VIKUNDI VYA KINA MAMA

Wakati barakoa inaingia sandukuni, leso ilikuwa inatoka madukani. Jina leso limetokana na Kireno, maana yake ni kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado vimeshikana, wakaviunganisha sita pamoja na kupata nguo moja ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Hapa Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilikuja kujulikana sana kwa leso zake zenye alama ya "Mali ya Abdulla".

Leso ina sehemu tatu, na kila msichana wa pwani anazijua: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Maneno yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Mwanamke akitaka kusema jambo asiloweza kulitamka mbele za watu, alinunua leso yenye jina hilo akapita nayo.

Na tusidhani vyama vya kina mama vimeanza jana. Kabla ya vyama vya kuzungusha pesa, Mombasa ilikuwa na vikundi vya lelemama. Kina mama walishona sare, wakacheza ngoma, wakashindana mtaa na mtaa, lakini pia walizikana, walichangiana harusi na kusaidiana shida ikiingia. Chama chetu ni mjukuu wa vikundi hivyo, ila sisi tuna daftari na kufuli tatu.

MWAKA 2020: SANDUKU LIVUNJWE AU LISIVUNJWE?

Sasa nifike kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye yakaja matangazo ya kufunga shule. Tarehe 27 Machi amri ya kutotoka nje usiku ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Mombasa zikafungwa.

Msomaji wa mbali huenda asielewe amri ile ilitufanya nini. Wengi wetu ni wauzaji wa viazi karai, bajia, mahamri na mishikaki. Biashara hiyo ni ya jioni. Na mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaingia mwishoni mwa Aprili, mwezi ambao kwa kawaida ndio wa kupata pesa ya kulipa mikopo. Mwaka huo jioni yenyewe haikuwepo. Wenzetu waliofanya kazi za usafi hotelini walirudishwa nyumbani. Karibu nusu ya akiba yetu ilikuwa nje kwa mikopo, na wa kulipa hayupo.

Basi pakaingia maneno. Baadhi ya wanachama walisema sanduku livunjwe, kilichobaki tugawane, kila mtu akale na watoto wake. Siwalaumu hata kidogo. Aliyetoa hoja hiyo kwanza alikuwa na watoto wanne na chungu hakijapanda moto siku ile. Wengine tukasema tukigawana, kila mtu atapata ya siku kumi, kisha hatuna pesa wala hatuna chama.

Wakati huo serikali ilikwisha kutoa kanuni: ukiwa mahali pa watu bila kufunika pua na mdomo, faini hadi shilingi 20,000 au kifungo hadi miezi sita. Kila mtu alitaka barakoa na za dukani zilikuwa ghali. Katika chama tulikuwa na cherehani tano. Mweka hazina wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema, "Nipeni wiki tatu na sehemu ya pesa tununue vitambaa. Nikishindwa, tugawane kitakachobaki, na yangu muichukue nyinyi." Tukakubali kwa shingo upande.

KUTAFUTA MFANO

Za kwanza tulishona kama tulivyoziona kwa watu: kipande cha mstatili, mikunjo mitatu, lastiki masikioni. Hazikununuliwa. Kila fundi wa mtaani alikuwa anashona hizo hizo, na yetu haikuwa na la zaidi. Tena lastiki ilipanda bei kisha ikaadimika. Na kina mama wenye kujifunga mtandio walilalamika: ili kutia lastiki sikioni ni lazima uufungue mtandio mbele za watu. Akivuta pumzi, kitambaa kinamwingia puani.

Tukakaa uani kwa mwanachama mmoja, watu wachache tu tena mbali mbali, tukijiuliza tufanye nini. Ndipo mwenzetu mmoja akakumbuka sanduku la marehemu nyanyake. Akaenda, akarudi na kitu kimefungwa ndani ya kanzu kuukuu. Kukifungua, ni barakoa. Nyeusi, imepauka, nyuzi za pembeni zimekatika, kijiti cha pua bado kimo.

Fundi wetu mkuu aliigeuza huku na huku kwa muda mrefu asiseme kitu. Kisha akasema, "Tazameni. Haishiki masikio, inafungwa nyuma kwa kamba, juu ya mtandio. Na hiki kijiti kinazuia kitambaa kisiguse pua. Haya yanayotushinda sisi, watu walikwisha kuyatatua zamani."

Tulifurahi. Lakini yuko nyanya mmoja katika chama chetu, mwanachama wa tangu siku ya kwanza, mwenye miaka themanini wakati huo. Yeye hakufurahi. Alinyamaza, kisha akasema maneno ambayo katibu aliyaandika daftarini, nami nayanakili hapa kwa idhini yake:

"Wanangu, nyinyi mnaona urembo. Mimi nyanyangu hakuruhusiwa kuivaa hiyo. Yeye alikuwa akishika shiraa kwa nje, jua likimpiga, bibi yake yumo ndani kivulini. Mkiniambia leo ndiyo alama ya chama chetu, mimi siivai."

Uwanja wote ulinyamaza. Mwenye sanduku akainamisha kichwa. Katika chama chetu wamo watoto wa mabibi, wamo watoto wa vijakazi, na wamo waliokuja kutoka bara ambao hawahusiki na yote mawili. Kwa miaka sita tulikuwa tumeweka akiba pamoja na hatujapata kulizungumza jambo hilo. Siku ile tulilizungumza mpaka saa za kurudi nyumbani zikakaribia. Yalisemwa ya kuumiza, na machozi yalitoka.

Mwisho mwenye sanduku alimgeukia nyanya akamwambia, "Nyanya, nisamehe. Mimi sikujua wako alikuwa nje ya kile kitambaa. Wewe ndiye utuambie, tuchukue nini na tuache nini."

Nyanya akafikiri, akajibu, "Chukueni kamba na kijiti. Hivyo ni akili ya fundi, havina bwana wala mtumwa. Weusi na dhahabu viacheni. Nguo iwe leso, maana leso tulivaa sote."

Huo ndio mfano wetu, wapendwa. Kamba na pua kutoka barakoa ya mabibi, nguo kutoka leso ya kila mtu. Ile ya zamani iliwatenga watu, hii yetu ilimfunika kila mtu sawasawa, tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke.

MAKOSA TULIYOFANYA

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka.

La kwanza, rangi. Leso mpya tuliikata bila kuifua. Mteja mmoja alirudi na kidevu cha buluu kama aliyekula zambarau. Nyanya alicheka siku hiyo, mara ya kwanza tangu yale mazungumzo, akasema hata za mabibi zilikuwa zikiwapaka nili usoni. Tangu hapo kila leso ililowekwa, ikafuliwa na kukaushwa kabla ya kuguswa na mkasi.

La pili, tabaka la katikati. Leso moja ni nyepesi. Ukiinua juu unaona mwanga. Shirika la Afya Duniani lilieleza tarehe 5 Juni 2020 kwamba barakoa ya kitambaa inafaa kuwa na tabaka tatu, na katikati inafaa kitambaa kama kile cha mifuko ya sokoni, ile iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017. Tukanunua mifuko mipya, tukakata. Mwenzetu mmoja akapiga pasi ya makaa iliyokolea. Kitambaa kile kikayeyuka, kikashikana na leso na pasi pia. Tulipoteza kazi ya siku nzima.

La tatu ni la kuchekesha, ingawa wakati ule hatukucheka. Tulikata leso bila kuangalia jina. Leso moja ilikuwa na maneno "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Mkasi ukapita katikati, na barakoa ikatoka na "Mdhaniaye ndiye" peke yake. Maana imegeuka kabisa! Mama wa watu akainunua, akaivaa, akapita nayo mlangoni kwa jirani aliyekuwa na kesi naye. Jirani akaisoma. Ugomvi ule tuliitwa sisi kuutuliza.

Basi tukaweka sheria ambayo bado imo katika daftari: jina halikatwi. Barakoa itatoka kwenye mji na pindo tu. Jina lote zima tulilishonea mfuko mdogo wa kuwekea barakoa isiyovaliwa. Wateja wakaupenda mfuko kuliko tulivyotarajia. Wengine walichagua jina la mfuko kwanza ndipo wakaangalia barakoa.

BARAKOA YENYEWE ILIKUWAJE

Kwa faida ya kumbukumbu naieleza. Leso nje, leso ndani, kitambaa cha mfuko katikati. Katikati ya uso palipita mshono uliopinda, na juu yake tulitia waya laini badala ya kijiti, ili kikae mbali na pua na kibonyezwe kwa kila uso. Pindo la leso lilikaa chini kama mpaka. Kamba nne za kitambaa kilekile, mbili zilifungwa kisogoni na mbili shingoni, juu ya mtandio au buibui. Hata wanaovaa ninja waliweza kuivaa kwa ndani. Wanaume waliipenda pia, hasa wenye kofia.

Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa, na mafundi wetu wawili walikuwa ndani. Tuliwapigia picha ya kipimo tukawatumia kwa simu, wakashona kwa leso walizokuwa nazo majumbani. Njia za Mombasa zilipofunguliwa tarehe 7 Julai, watu wa Nairobi na Malindi wakaanza kuagiza.

Tuliuza kwa shilingi 50, na mayatima na wazee wa mtaa tuliwapa bure. Hatukutajirika. Baadaye barakoa za kiwandani zilijaa zikiuzwa kwa shilingi 10 na 20, na ya mkono haikuweza kushindana nazo. Tarehe 11 Machi 2022 sharti la kuvaa barakoa barabarani liliondolewa, na kazi ile ikawa imekwisha yenyewe. Lakini sanduku halikuvunjwa. Aliyekuwa na watoto wanne, yule aliyetaka tugawane, ndiye aliyeshona nyingi kuliko sote, na mkopo wake aliumaliza kwa sindano. Leo ndiye makamu wa mwenyekiti.

TULIYOJIFUNZA

Wasichana wa shule wakitutembelea huuliza, mtu anapotaka kubuni kitu kipya aanzie wapi? Nasi hujibu hivi. Anzia kwenye linalokusumbua: kwetu lilikuwa sikio na pua. Kisha fungua sanduku la nyumbani kwenu, na umuulize mzee kitu hiki kilitumikaje na nani alikatazwa kukitumia. Mzee atakupa mambo mawili, kazi ya kitu na machungu yake, na yote mawili ni mali. Kazi yake utaichukua. Machungu yake yatakuonyesha cha kuacha.

Barakoa ile ya kale imerudi kwa mwenyewe. Aliifunga upya katika kanzu, lakini safari hii alitia pamoja nayo barakoa moja ya leso, na karatasi yenye majina ya nyanya wawili, wake na wa mwenzake, ili atakayefungua sanduku hilo baadaye akute habari kamili.

 Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi kibaba chetu kilijazwa kwa shilingi, kwa vipande vya leso, na kwa maneno magumu yaliyosemwa bila mtu kuondoka mkutanoni.